Faili moja, majina matatu: mdogo wangu ana skizofrenia au hana?

Swali la msomaji

Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23. Mwaka juzi, akiwa mwaka wa pili chuoni, aliacha kulala, akawa anasema wenzake wa bwenini wanasoma mawazo yake na kwamba anasikia watu wakimjadili. Baada ya wiki mbili tulimpeleka hospitali. Walisema ni bangi, wakaandika F12.5. Miezi minane baadaye alizidiwa tena, hospitali nyingine wakaandika F20.0, wakatuambia ni skizofrenia. Mwaka huu daktari wa tatu ameandika F31.2, anasema huenda ni bipola. Anatumia olanzapini na ametulia. Nimesoma mtandaoni kwamba kuna maprofesa Ulaya wanaosema skizofrenia haipo. Mama anasema kama wenyewe hawajui wanachotibu, basi tuache dawa twende kwa shehe. Nani anasema kweli? Na je, atarudi chuo? Msomaji wa Tanga.

Jibu

Marahaba, dada. Poleni sana, wewe na mama. Nianze na lililo la haraka: olanzapini isiachwe wiki hii, na isiachwe kimyakimya nyumbani bila daktari wake kujua. Sababu utaziona huko mbele.

Madaktari hao watatu hawapingani kama inavyoonekana kwenye karatasi. Kila mmoja alimwona kijana katika hatua tofauti, na skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili ambamo mtu husikia au kuamini yasiyokuwepo kwa muda mrefu, hutambuliwa kwa jinsi inavyokwenda. Mpaka leo hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kusema peke yake, "Hii ni skizofrenia." Daktari anategemea dalili, muda ambao dalili zimekaa, na kazi ya kuondoa sababu nyingine moja baada ya nyingine. Mwongozo wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, unataka hali hiyo iwe imedumu angalau miezi sita. Ule wa Shirika la Afya Duniani, ICD, unataka angalau mwezi mmoja. Daktari wa kwanza alimpokea mtu wa wiki mbili tu, tena aliyekuwa akivuta bangi. Hata kama skizofrenia ilimjia kichwani, hakuwa na msingi wa kuiandika. F12.5 maana yake ni saikosisi iliyotokana na bangi, yaani kusikia, kuona au kuamini yasiyokuwepo baada ya kutumia kilevi hicho. Hilo ndilo alilokuwa na ushahidi nalo.

Tafiti zilizowafuatilia watu waliopewa jina hilo zinaonyesha kwamba takriban theluthi moja yao baadaye huandikiwa skizofrenia. Wengine hupona wakiacha bangi. Kwa hiyo yule wa kwanza alipaswa kuwaambia mrudi hata kama kijana amepata nafuu. Sijui kama mliambiwa. Familia nyingi hazielezwi hilo, na miezi inayofuata hupotea bure.

Tofauti kati ya daktari wa pili na wa tatu ni suala zito zaidi, na ndilo linalowagawa hata maprofesa uliowasoma.

Mwishoni mwa karne ya 19, Emil Kraepelin, daktari Mjerumani, aliwafuatilia wagonjwa wake kwa miaka akawagawa katika makundi mawili makubwa. Kundi moja ugonjwa wao ulikuja na kuondoka, ukipanda na kushuka pamoja na furaha na huzuni; wengi wao leo tungewaita wa bipola. Kundi la pili, kwa maoni yake, akili ilianza kudhoofika ujanani na haikurudi. Mwaka 1908 Eugen Bleuler, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Burghölzli mjini Zurich, akalipa kundi hilo la pili jina la skizofrenia. Miaka mitatu baadaye alipochapisha kitabu chake, aliandika kuhusu kundi la skizofrenia nyingi, si skizofrenia moja. Alisema pia kwamba si wote wanaoishia pabaya. Tahadhari zote mbili zilisahaulika haraka, na kwa maoni yangu kusahaulika huko kumeumiza familia nyingi kuliko kosa lolote la kitabibu katika fani hii.

Kisha akaja Kurt Schneider, Mjerumani mwingine, na orodha yake ya dalili alizoziita za daraja la kwanza: kusikia sauti zinazokujadili kana kwamba haupo, kuamini mawazo yako yanasikika kwa watu, kuhisi kuna nguvu ya nje inayokuendesha. Tazama tena ulichoniandikia kuhusu mdogo wako. Sauti zinazomjadili zimo kabisa kwenye orodha hiyo, na wenzake wanaosoma mawazo yake wanaikaribia sana. Kwa miongo mingi daktari akisikia hata moja tu kati ya hizo aliandika skizofrenia na kufunga faili. Baadaye ikadhihirika kwamba watu wenye bipola, wanapokuwa katika mania, yaani kuchangamka kupita kiasi, nao huzipata. DSM-5 ikaziondolea hadhi ya pekee: sasa dalili moja ya namna hiyo haitoshi, lazima ziwe mbili au zaidi. Sitashangaa ikiwa daktari wa pili alifundishwa kwa njia ya zamani na wa tatu kwa njia mpya.

Mvutano huo una historia. Miaka ya 1960 watafiti walilinganisha hospitali za New York na za London, kwa sababu skizofrenia ilionekana kuwa nyingi mno Marekani. Wakawahoji wagonjwa upya kwa maswali yaleyale na vigezo vilevile. Sehemu kubwa ya ile tofauti ikatoweka. Wagonjwa walifanana, ila madaktari wa New York walilitumia jina la skizofrenia kwa watu ambao London wangeambiwa wana sonona au bipola. Hapo ndipo vilipotoka vigezo vya kuhesabu vya DSM-III, toleo la awali la mwongozo ule wa Marekani, mwaka 1980. Vilisaidia madaktari wa nchi mbalimbali kuandika jina moja kwa mgonjwa wa aina moja. Havikuthibitisha kwamba nyuma ya jina hilo kuna ugonjwa mmoja.

Sasa nifike kwa maprofesa wako. Jim van Os, Mholanzi, aliandika mwaka 2016 katika jarida la kitabibu la Uingereza kwamba skizofrenia kama ugonjwa mmoja wa ubongo, unaosimama peke yake, haipo. Robin Murray wa London, aliyetumia maisha yake yote kuitafiti, naye amesema anatarajia jina hilo litafika mwisho. Wote wawili wanawatibu watu hawa. Hawakatai kwamba kijana anasikia sauti, wala kwamba anateseka, wala kwamba dawa humsaidia. Wanachokataa ni kuchukua hali nyingi zenye vyanzo tofauti, kuzipa jina moja, kisha kuliogopa jina hilo kama hukumu. Kichwa cha habari kilichofika simuni mwako kilibeba nusu ya kwanza tu.

Wewe na mimi tunakumbuka enzi ambazo kila homa ilikuwa malaria na kila mwenye homa alipewa dawa za malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza mtu apimwe kwanza, vipimo vya haraka vikaenea hadi zahanati za vijijini, na ikaonekana homa nyingi hazikuwa malaria kabisa. Homa yenyewe ilikuwa ya kweli muda wote huo. Skizofrenia ipo katika hatua ile ya kabla ya kipimo, na wanaosema jina livunjwe wanataka tuache kujifanya kipimo tunacho.

Ushahidi wa upande wao ni mwingi. Mwaka 2022 utafiti mkubwa wa vinasaba ulibainisha maeneo 287 ya jeni yanayohusiana na skizofrenia, kila moja likiongeza hatari kidogo sana, na mengi kati yake yanashirikiana na bipola. Mpaka ule wa Kraepelin hauonekani kwenye damu. Hata pacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, mmoja akiugua mwenzake huugua kwa takriban nusu ya nafasi au pungufu. Mwambieni mama kwamba hili halikuletwa na malezi yake, wala halikuletwa na "damu ya ukoo" peke yake.

Jambo linalonifanya niunge mkono kulishika jina hili kwa mkono mwepesi, kuliko hoja zote za jeni, ni ugunduzi wa mwaka 2007. Josep Dalmau na wenzake, wakati huo akiwa Pennsylvania, walieleza ugonjwa ambamo kinga ya mwili inashambulia vipokezi vya ubongo viitwavyo NMDA. Wengi ni wasichana na wanawake vijana, baadhi wana uvimbe kwenye ovari. Wanaanza kwa kuona vitisho, kusikia sauti, kupiga kelele usiku. Kabla ya hapo wagonjwa wa aina hiyo waliishia wodi za magonjwa ya akili. Mwandishi wa habari wa New York, Susannah Cahalan, aliupata mwaka 2009 akiwa na miaka 24. Alitibiwa kwa dawa za kutuliza kinga akarudi kazini. Kutoka ndani ya lile lundo tuliloliita skizofrenia na saikosisi, ulichomoka ugonjwa mmoja wenye sababu yake na tiba yake. Sina shaka mingine itafuata.

Nalisema hili pia kwa sababu ya kivitendo. Huku kwetu sababu za mwili ni nyingi na baadhi zinapimika kwenye hospitali ya wilaya: malaria iliyopanda kichwani, VVU, kaswende iliyofika kwenye ubongo, kifafa, tezi ya shingo iliyovurugika. Dawa nazo zimo. Efavirenzi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya kidonge cha ARV walichomeza watu wengi Afrika Mashariki, ilijulikana kuleta ndoto kali na wakati mwingine saikosisi. Mefloquine ya malaria na isoniazidi ya kifua kikuu zinaweza kufanya hivyo pia, na prednisoloni kwa dozi kubwa. Kama faili la mdogo wako halina majibu ya VVU, kaswende na sukari, yaombwe. Kama aliwahi kuanguka na kutetemeka, kuwa na homa wakati wa kuchanganyikiwa, kuganda mwili kama mti, au kufanya miondoko ya ajabu ya mdomo, mwambieni daktari hata kama ilikuwa mara moja tu. Hizo ni ishara za kutazama ubongo upya.

Ile F20.0 inahitaji neno lake. Ni namba ya toleo la kumi la ICD, na sifuri ya mwisho inamaanisha aina ya paranoia. Aina hizo zimefutwa, kwanza na DSM-5, kisha na ICD-11 iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, ingawa hospitali nyingi duniani bado zinaandika kwa namba za zamani. Zilifutwa kwa sababu mtu yuleyule alihama kutoka aina moja kwenda nyingine mwaka hadi mwaka, na aina haikumwambia daktari atoe tiba gani. Badala yake ICD-11 inamtaka daktari apime kila upande wa mgonjwa kivyake: sauti na imani zisizo na msingi, kupoa kwa mtu (kukosa hamu, kutooga, uso usioonyesha kitu), huzuni, mania, mwendo wa mwili, na uwezo wa kukumbuka na kufuatilia jambo. Mimi nalihesabu hili kuwa badiliko bora kuliko yote. Kijana anayesikia sauti kidogo lakini hawezi kusoma ukurasa mmoja hadi mwisho anahitaji msaada tofauti na anayesikia sauti mchana kutwa huku kumbukumbu yake ikiwa nzima. Jina moja liliwaficha wote wawili.

Wapo wenzangu wanaotetea jina, na hoja yao si dhaifu. Bila jina hakuna utafiti, hakuna mgonjwa kupewa klozapini, dawa ya wale ambao dawa nyingine zimewashinda, inapostahili, hakuna bima. Kuliondoa kabla ya kupata lililo bora ni kuwaacha wagonjwa bila mlango. Nakubali. Lakini jina liandikwe kwa tarehe na lipitiwe upya kila mwaka.

Suala la dawa linaanzia hapa. Mama anadhani jina likibadilika, tiba iliyotolewa ilikuwa ya kubahatisha. Olanzapini hutuliza saikosisi na mania pia. Inatumika kwa skizofrenia na kwa bipola. Kinachobadilika kwa jina la tatu ni kwamba daktari anaweza kuongeza dawa ya kuweka sawa hisia, kama lithiamu, inayohitaji vipimo vya damu na figo. Kuhusu kuacha: utafiti wa New York uliochapishwa 1999 uliwafuatilia watu baada ya shambulio la kwanza, na ndani ya miaka mitano takriban wanne kati ya watano walirudiwa na ugonjwa. Kuacha dawa kuliongeza hatari hiyo karibu mara tano.

Sisemi atameza vidonge hivi mpaka uzeeni. Waholanzi walionyesha mwaka 2013 kwamba waliopunguziwa dozi mapema walikuwa na maisha bora zaidi baada ya miaka saba. Miaka kumi baadaye Waingereza walijaribu kupunguza taratibu kwa watu walioumwa muda mrefu, wakaona kurudiwa kunaongezeka bila faida ya wazi katika miaka miwili. Tafiti hizo mbili hazijapatana, kwa hiyo kupunguza ni mazungumzo ya wazi na daktari, taratibu sana, wakati kijana ametulia na nyumba imetulia. Kama analala mno, ananenepa haraka au amekakamaa, hiyo ni sababu nzuri ya kuomba dozi ipitiwe sasa hivi. Olanzapini hupandisha uzito na sukari. Uzito upimwe kila kliniki.

Kuhusu shehe. Miongozo yote miwili inakataza kuita ugonjwa kile ambacho jamii ya mtu inakiamini pamoja naye. Mfiwa anayesikia sauti ya marehemu baba yake si mgonjwa. Anayepandisha majini kwenye ngoma, kisha akarudi katika hali yake, naye hahesabiwi kuwa na saikosisi kwa hilo. Mnatakiwa kujiuliza kama hata watu wa dini yake na mtaa wake waliona anachosema ni kigeni. Katika habari ya bwenini, naona jibu ni ndiyo.

Hata hivyo mama ana kitu mkononi ambacho sisi hospitalini tunakikosa. Tanya Luhrmann, mwanaanthropolojia wa Marekani, na wenzake waliwahoji watu 60 wenye saikosisi, 20 California, 20 Accra nchini Ghana na 20 Chennai nchini India. Wamarekani walisimulia zaidi sauti za ukatili na amri za kuua. Wengi wa Accra walisema wanamsikia Mungu, na wa Chennai walisikia ndugu wakiwakumbusha kazi za nyumbani. Karibu zaidi na kwenu, Juli McGruder, mwanaanthropolojia wa Marekani, alikaa na familia za wagonjwa Zanzibar. Aliona jinsi kuamini kwamba jambo limetoka kwa Mungu, na kwamba majini huja na kuondoka, kulivyowasaidia ndugu kumchukulia mgonjwa kwa upole, bila lawama wala kumsimanga. Upole huo una uzito wa kitabibu: nyumba yenye makaripio na kusimangwa huongeza kurudiwa, na hilo limerudiwa kuonekana katika nchi nyingi. Basi dua ziendelee, na shehe akaribishwe nyumbani. Masharti ni matatu, nayo sitayalegeza: dawa zisisimamishwe, asifungwe minyororo wala kupigwa, na asinyweshwe dawa ya miti ambayo daktari hajaambiwa.

Tarehe ijayo ya kliniki nendeni na daftari. Andikeni kwa mpangilio wa miezi: usingizi ulipungua lini, bangi aliianza na kuiacha lini, sauti zilianza lini na kuisha lini, na je, kulikuwa na kipindi alichangamka kupita kiasi, akaongea bila kupumzika, akagawa pesa, akajiona mkubwa, au kipindi aliinama kwa huzuni. Mpangilio huo ndio utakaompa daktari jibu kuliko mahojiano ya dakika kumi. Ikiwa sauti zilitokea tu wakati hisia zimepanda au kushuka, jina la bipola linapata nguvu. Ikiwa sauti zilikaa wiki mbili au zaidi huku hisia ziko sawa, daktari atarudi kufikiria skizofrenia, au hali iliyo katikati ya hizo mbili. Mwulizeni kijana mwenyewe pia. Mengi ya hayo yeye ndiye anayeyajua.

Kuhusu chuo, usikubali mtu akuambie haiwezekani. Mtafiti Courtenay Harding na wenzake walichapisha mwaka 1987 matokeo ya watu wa Vermont, Marekani, waliotolewa wodi za nyuma kabisa, wale waliokatiwa tamaa. Baada ya miongo mitatu, kati ya nusu na theluthi mbili walikuwa wamepata nafuu kubwa au wamepona. Shirika la Afya Duniani linasema angalau mmoja kati ya watatu wenye skizofrenia anaweza kupona kabisa. Mdogo wako ana miaka 23, ametulia, na ana dada anayeuliza maswali.

Asirudi kwa pupa. Ngojeni miezi kadhaa ya utulivu, usingizi wa kawaida na bila bangi kabisa. Mjaribuni nyumbani: anaweza kusoma saa moja na kueleza alichosoma? Ikiwa bado inamshinda, hilo ni sehemu ya ugonjwa na wala si uvivu. Arudi na masomo machache kwanza kama chuo kinaruhusu, na ikiwezekana akae kwa ndugu badala ya bwenini. Kwa sasa ombeni kuahirisha masomo badala ya kuacha, ili nafasi yake isipotee. Barua ya daktari kwa kawaida inatosha kueleza kwamba mwanafunzi yuko kwenye matibabu na lini anatarajiwa kurudi. Jina la ugonjwa si lazima litajwe. Iombeni kliniki hii inayokuja.